Anguko la Sekunde Tisa

Asubuhi hiyo saluni ilikuwa na wateja wawili. Mwalimu wa hesabu alikaa kwenye kiti cha mbele, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama brashi. Muuza vitambaa wa duka la jirani alikuwa chini ya drai, akisema kwa sauti ya juu kwa kuwa hakujisikia mwenyewe. Walikuwa wakijadili video zinazovuma.

"Ile ya paka anayefungua jokofu imesifiwa bure," alisema mwalimu. "Paka hafungui kitu. Mlango ni mbovu."

"Na ya yule baba anayekunja shuka lenye mpira?"

"Hiyo imeonewa. Analikunja mpaka linakuwa kama bahasha, na hakuna anayeitazama! Watu wangekuwa na akili, yule angekuwa waziri."

"Na ya fundi rangi?"

Msusi aligawa nywele kwa ncha ya kitana. Fundi rangi alikuwa kaka yake.

"Imekuzwa mno," alisema mwalimu. "Mtu anateleza kwenye ngazi, anakalia ndoo ya rangi nyeupe, ndoo inamng'ang'ania, anatembea nayo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sekunde tisa. Basi."

"Raha yake ni pale anapoigeukia ndoo kabla hajaikalia. Ngoja nikuonyeshe."

Muuza vitambaa aliitazama mpaka mwisho, akacheka. Upande wa pili wa mji, katika ukumbi mpya ambao dari lake lilikuwa linapakwa, kaka wa msusi aliteleza kwenye ngazi na kuinuka na suruali iliyolowa rangi nyeupe. Chini yake hapakuwa na ndoo.

Ndivyo ilivyokuwa tangu video isambae. Watazamaji wa mbali hawakumdhuru, maana kwao aliyeanguka alikuwa mtu wa kwenye kioo. Aliangushwa na waliomfahamu tu, kila walipoitazama mpaka mwisho. Mwalimu ndiye aliyelithibitisha jambo hilo, kwa utaratibu. Wiki iliyotangulia, hapo saluni, alimketisha fundi kwenye kigoda, akaenda nyuma ya pazia na simu. Alipokatisha video kabla ya mwisho, fundi alibaki ameketi. Alipoiacha iishe, fundi alikuwa sakafuni.

"Ni kweli," alisema mwalimu akitoka. "Lakini hilo haliifanyi video kuwa nzuri zaidi."

Jioni msusi alisugua suruali ya kaka yake kwa mafuta ya taa, kwa kuwa rangi ile haikusikia sabuni.

"Leo umeanguka sana?"

"Kabla ya chai au baada ya chai?"

"Kaka, waombe waache."

"Dada yangu, mtu ukimwambia asitazame ndipo shingo inapomrefuka." Aliinyanyua suruali, akaitazama. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Msimamizi wa ujenzi alikuwa amemwita pembeni siku hiyo. Fundi huyu alikuwa akiupiga mstari wa pale ukuta unapokutana na dari kwa mkono mtupu, bila utepe wa kuzuia rangi, na mstari ukatoka kama uliokatwa kwa wembe. Msimamizi hakuwa na neno na mkono huo. "Lakini siwezi kumweka juu mtu anayeangushwa na marafiki zake," alisema. "Kesho ukishinda bila kuanguka, dari ni lako mpaka mwisho. Ukianguka, nampa mwingine."

Msusi alikuwa na video yake pia. Alimrekodi kaka yake akipiga mstari huo kutoka kona hadi kona, bila muziki, bila maneno, dakika nane kamili. Kesho yake alifungua saluni mapema, akawaeleza wateja wake wawili habari ya dari, akawaomba waiache ile ya ndoo kwa siku moja, na akawaonyesha hii.

"Loo!" alisema muuza vitambaa, mstari ukiwa haujafika hata kwenye dirisha. "Hii ndiyo imeonewa kuliko zote. Nitumie, niisambaze."

Aliisambaza papo hapo, kwa maneno kwamba dunia haina shukrani. Mwalimu naye aliisambaza. Kisha waliirudisha simu kwa msusi, mstari ukiendelea.

Saa zilikwenda vizuri. Ukumbini, fundi alipita kona ya kwanza, ya pili na ya tatu, ngazi imetulia kama imeota mizizi. Saluni ilizungumzia bei ya nywele, na mama mkwe wa mtu.

"Mimi hata wifi yangu nimemwambia," alisema muuza vitambaa baada ya chakula cha mchana. "Ile ya ndoo nimeichoka kabisa."

"Afadhali," alisema msusi.

"Kuna mahali hasa inapochosha. Si mwanzo. Hebu tazameni, ni hapa, anapoanza kutembea."

Msusi aliinua mkono, lakini vidole vyake vilikuwa ndani ya nywele za mwalimu, na sekunde tisa ni chache.

Fundi alikuwa amebakiza mstari wa urefu wa mkono. Aliusikia mguu ukimwacha. Aliichomeka brashi kwenye kopo ili asiuharibu mstari, kisha akaanguka.

Msimamizi hakumgombeza. Alimpigia simu fundi mwingine, akamwonyesha huyu sehemu ya chini ya kuta, ile inayopakwa kwa kupiga magoti.

"Sikuliona hilo la kuchosha," alisema mwalimu saluni. "Irudie."

Ukumbini, fundi aliweka brashi chini, akatanguliza kiganja, akaanguka kiubavu. Safari hii sakafu ilikuwa karibu. Aliinuka, akafuta goti, akaendelea na ukuta.