Ruhusa Niliyomnyima Dada Yangu

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye mvua kwa kadiri aitakayo na kuizuia apendapo; na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Baada ya kumtaja Yeye, nawataja watu wa habari hii mmoja mmoja, ili msomaji awajue kabla ya kuwasikia.

Wa kwanza ni Hamda, dada yangu wa tumbo moja, mjane, muuza vitambaa mjini Meru. Wa pili ni Mahad, mwanawe, dereva wa lori, ambaye huniita abti, yaani mjomba kwa lugha yetu ya Kisomali. Wa tatu ni Gichovi, mkulima wa ndengu katika nyanda kavu za Embu, upande wa Ishiara, Mkristo asiyekosa kanisani Jumapili hata moja. Baba yetu alikuwa na duka huko, nasi watatu, yaani Hamda, Gichovi na mimi, tulikua pamoja. Wa mwisho ni mimi, Isak, nifundishaye Kurani na fikihi msikitini.

Huko kwa kina Gichovi kuna kijito kinachokauka karibu mwaka mzima. Hupata maji mara mbili tu, wakati wa masika na wakati wa vuli, nayo hayadumu zaidi ya wiki tatu. Njia ya miguu hufuata ukingo wake kwa mwendo wa saa mbili, hadi kwenye mwamba mweusi ambapo maji yote huanguka kwa pamoja. Utotoni tulikwenda kila msimu, na Hamda ndiye aliyetangulia siku zote.

Ukubwani alipata presha ya macho. Daktari alimweleza bila kuficha kwamba dawa zingechelewesha giza, zisingelizuia. Kuona kwake kulikuwa kukifinywa kutoka pembeni kuja katikati, hata akawa anautazama ulimwengu kama achunguliaye kwenye tundu la mlango. Hakulalamika. Alisema tu kwamba alitamani kuyaona yale maji yakianguka, mara moja tena, kabla mlango haujafungwa.

Mwaka huo masika yaliingia katika kumi la mwanzo la Ramadhani. Gichovi akapiga simu kueleza kwamba maji yamejaa na mwamba wenyewe hauonekani. Hamda akanijia msikitini baada ya darasa la alasiri. Alijua hangeweza kutembea saa mbili juani bila kunywa maji na bila vidonge vyake, akaniuliza kama yafaa ale siku hiyo, kisha ailipe baada ya Idi.

Nilimjibu kwamba safari ya matembezi si safari ya haja, na kwamba mwezi mtukufu hauvunjwi kwa ajili ya kutazama maji. Angoje Idi.

Jibu lile lilipangwa vizuri, nalo halikuwa la kweli. Nilijua kwamba kutoka Meru hadi Ishiara ni umbali unaomtosha msafiri kuacha kufunga. Kwamba matembezi ya halali ni safari kama safari nyingine. Na kwamba mgonjwa ana ruhusa hata akiwa kitandani mwake. Mambo hayo nayafundisha kila mwaka, wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Lakini niliwaza juu ya wale watakaosema kwamba dada wa mwalimu amekula mchana wa Ramadhani ili akatembee, nikaichagua heshima yangu. Hamda akainamisha kichwa, akasema amesikia, akaenda zake.

Gichovi alipiga simu mara ya pili, sauti yake ikiwa na wasiwasi, akasema mvua zimekatika mapema. Nilimwambia siku zilizobaki ni chache.

Siku ya tatu ya Idi, Mahad aliazima gari akatupeleka. Gichovi alikuwa akitungoja darajani na fimbo mbili. Alimkabidhi Hamda moja, kisha akanitazama miguuni.

"Mwalimu, hivi viatu ni vya harusi?"

"Ni vya Idi."

"Basi Idi yako itaishia huko mbele, kwenye mchanga."

Hamda alicheka, na kicheko chake kilinipa moyo. Tukashika njia, Gichovi mbele, Hamda akiwa ameshika bega la mwanawe, mimi nyuma. Hamda alikuwa akiuliza habari za kila kona: kama ule mgunga uliopinda ungalipo, kama mbuzi wangali wanavukia pale penye mawe. Gichovi alimjibu yote. Jambo moja tu hakuligusa, nalo ni kijito. Kwa jicho langu niliona kwamba kulikuwa na madimbwi tu, yamelala mbalimbali, na kati yao mchanga uliopasuka.

Tulipofika, palikuwa na uzi mmoja wa maji usiozidi kidole cha mtoto, ukiteleza juu ya mwamba bila sauti. Hamda aligeuza kichwa huku na huku, taratibu, kama atafutaye sindano iliyoanguka sakafuni. Tulisimama tukimtazama akitafuta. Hatimaye Gichovi alimshika mkono akauweka kwenye mwamba.

"Hapa, Hamda. Yako hapa."

"Nayagusa," alisema. "Siyaoni."

Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Tulitawadha kwenye dimbwi la chini, Gichovi akajitenga na kuvua kofia yake. Hamda alikuwa akijifuta mikono kwa ushungi aliponiuliza:

"Kaka, leo tunasali rakaa ngapi?"

"Mbili, si nne. Tumo safarini."

"Safari hii ya matembezi?"

Mahad alitazama chini.

"Siku ile nilipokuuliza," Hamda alisema, "ulikuwa hujui?"

"Nilijua."

Hakunyanyua sauti. Alijifunga ushungi wake, akasema, "Basi tangulia, utusalishe."

Nikatangulia, nikasalisha rakaa mbili, na sikumbuki nilisoma sura gani.

Tulipokuwa tukirudi nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, kwa upole uleule anaotumia kumwambia mteja kwamba kitambaa alichokitaka kimekwisha.

Vuli ilipokuja, maji yalijaa tena, na Gichovi akatuita. Nilikwenda kwa Hamda mbiombio, nikamwambia tungeondoka asubuhi hiyohiyo. Alikuwa ameketi akikunja vitambaa kwa kuvipapasa. Wiki mbili kabla ya hapo, mwanga wa dirishani nao ulikuwa umemtoka.

"Nenda wewe, kaka," alisema. "Mimi nitafanya nini huko?"

Sikwenda. Tangu hapo sijakanyaga njia ile.

Ee Mola, mpe dada yangu moyoni mwake nuru niliyomzuilia machoni. Mhifadhi Mahad barabarani, umbariki Gichovi katika shamba lake na watoto wake. Na wote watakaobaki baada yangu, wakiulizwa jambo walijualo, uwape ujasiri wa kulisema kama lilivyo. Amina.