Ng'wa Nani?

Thobias alikuwa mchimba dhahabu, mtu wa Chato, hakuogopa shimo wala baruti. Lakini mchana ule wa mwaka 1952, mzee Nkwabi alipotua nyumbani kwake Geita akitokea Kishapu, alitamani kukimbia. Nani asiyejua mzee amefuata nini? Serafina, mke wa Thobias, matanga yake yalikuwa yameanuliwa juzi tu, na binti aliyemwacha, Justa, hakuwa damu ya Thobias. Baba yake mzazi alikuwa Jilala, mtoto wa Nkwabi, aliyefariki Justa akiwa bado ananyonya. Ng'ombe wa mahari walitoka kwa Nkwabi, na kwa mila mtoto ni wa Nkwabi. Thobias alimlea tu, akampenda hadi majirani wakamcheka.

Jirani mmojawapo, Mama Kalisti, mwanamke asiyejua kunyamaza, alikuwa ameshamtia maneno. "Mfundishe! Mzee akimwuliza ng'wa nani, yaani mtoto wa nani, ajibu ng'wa Thobias. Atakata tamaa mwenyewe."

Thobias akakataa. Amnyang'anye marehemu jina? Hapana, jamani! Ila sasa alijuta, tena sana.

Justa akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akapiga magoti mbele ya mgeni.

"Mwadila, guku," akamwamkia babu huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila. Ng'wa nani?"

Mama Kalisti, aliyejibanza mlangoni, akamkonyeza mtoto weee, nusura jicho lichomoke. Justa hata hakumtazama.

"Ng'wa Jilala."

Basi, kwisha kazi. Thobias akainama, machozi yakimlengalenga.

Mzee akapangusa uso. "Nani kakufundisha jina hilo? Jilala wewe hukumjua."

"Baba," Justa akajibu, akimwonyesha Thobias. "Kila tukisali ananiambia nimtaje."

Nkwabi akacheka huku analia, wala hakuona haya. "Nilikuja kumchukua, maana nilidhani huku mwanangu amefutwa. Kumbe nimetunziwa! Mtoto abaki hapa hapa, Thobias. Mvua zikipita, mlete Kishapu tumwone."

Furaha ilimjaa Thobias, akamshika mzee mikono yote miwili. Mama Kalisti akapiga vigelegele kama vile mpango ulikuwa wake.

"Nitamleta, mzee," Thobias akasema. "Ila kule hakuna anayenijua. Wakiniuliza mimi ng'wa nani, nijibuje?"

"Sema ng'wa Nkwabi," akajibu mzee, akaomba maji ya kunywa.