Majina ya Jikoni

Dada Mkubwa hakuwahi kumpikia mtu asiyemwona. Ndivyo alivyokuwa, na kila aliyejaribu kumbadilisha alichoka mwenyewe. Kati ya jiko lake na chumba cha kulia kulikuwa na tundu ukutani, lenye ukubwa wa sinia, na hapo aliweka jicho moja akampima mteja tangu anaingia. Huyu leo kanuna, mwongezee pilipili alie yaishe. Huyu tumbo linamsumbua, mpunguzie mafuta. Yule kaja na mkwewe, mjazie sahani asiaibike. Mteja alikula, akafuta mdomo, akasema mpishi wa hapa ni mchawi, kumbe uchawi wote ulikuwa jicho.

Mhudumu alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye watu walimwita Redio kwa kuwa akishawaka hazimiki. Redio hakupeleka jikoni oda ya chakula, alipeleka oda ya mtu. Aliinama kwenye tundu, na hapo tu ndipo alipojua kunong'ona. "Soksi kafika," alisema, yaani yule bwana mwenye koti zuri anayevua viatu chini ya meza akidhani haonekani. "Mkaguzi" alikuwa mama anayeinua kila kijiko kwenye mwanga kabla hajala. "Mlalamishi wa Pili" hahitaji maelezo. Na "Wawili wa Kona" walikuwa mzee na mkewe waliokaa meza ya pembeni kila Alhamisi wakala samaki wawili. Samaki wa mzee ilibidi atolewe miiba jikoni, maana macho yake yalikuwa hayaioni tena.

Miaka kumi na saba ndugu hawa walifanya kazi namna hiyo, na kwa miaka yote hiyo hawakujua jina halisi la mteja hata mmoja. Wangelifanyia nini?

Halafu ugonjwa ukaingia, na nyuma yake ikaja amri: hakuna kula mezani, mahali popote. Redio akapandisha viti juu ya meza miguu ikitazama dari, akatundika kopo la maji na sabuni mlangoni, akakaa kusubiri watu wa kunawa. Hawakuja. Mgahawa wa jirani ukafunga, wa ng'ambo ukafuata, na yule wa chai na maandazi pale mwisho wa barabara akageuka muuza barakoa. Dada Mkubwa alishinda jikoni akisugua masufuria ambayo hayakuwa na kosa.

Nyumba ilikuwa ya baba yao mdogo, mtu mwema ila asiyevumilia kuona kitu kimekaa bure. Siku ya Jumatatu alikuja na muuza magodoro.

"Siwafukuzi, wanangu," alisema kutoka nyuma ya barakoa iliyokuwa imemfunika mpaka kwenye kope. "Lakini mlango usiopita watu unakaribisha panya. Nawapa mpaka Jumamosi. Nikipita nikakuta hapa mlangoni hakuna mtu, funguo nampa huyu."

Huyu alikuwa keshapiga magoti, anapima sakafu kwa futikamba. Alipima chumba cha kulia, akapima ukumbi, kisha akaingia jikoni bila hodi na kuinyoosha kamba yake kutoka kwenye jiko hadi ukutani.

"Hapa sita kwa sita manne yanalala bila shida," alisema kwa furaha.

"Nipime na mimi basi," Dada Mkubwa akamjibu, mwiko mkononi. "Ujue nitaingia kwenye godoro gani."

Alitania kwa mdomo tu. Hakujua kazi nyingine, na kwa umri wake hakuwa na hamu ya kujifunza. Wazo la godoro kukaa pale jiko lilipo lilimuuma kama jino.

Ni Redio aliyeleta wazo. Simu yake ilikuwa na namba za wateja, wale waliokuwa wakipiga kumwomba awashikie meza. Awapigie mmoja mmoja, wao wapikiwe, na mwenye pikipiki wa kwenye kona ya barabara awapelekee nyumbani.

"Nitampikiaje mtu aliye nyumbani kwake?" Dada Mkubwa alishangaa. "Uso wake nitauona wapi?"

"Dada, utaukumbuka. Nitakutajia ni nani, wewe ufumbe macho."

Alhamisi wakawasha moto. Redio alipiga simu asubuhi nzima kwa sauti ya kutangaza mpira, na kwa mshangao wa wote wawili, watu ishirini na tatu wakasema ndiyo. Hata mke wa yule mzee wa kona alipokea. "Mtuletee kama kawaida," alisema kwa ufupi, akakata.

Jikoni pakawa hapatoshi. Dada Mkubwa hakuwa na mtu wa kunong'ona kwenye tundu, kwa hiyo Redio akachukua kalamu nene na kuandika juu ya kila boksi nani ni nani, ili dada yake ajue la kutia. Kila boksi likamjibu kwa uso. Mkaguzi, wali uliochambuka, usiwe na hata punje iliyoungua. Soksi, mchuzi mzito, mtu wa kustarehe huyu. Wawili wa Kona aliwaachia nafasi ya mwisho. Alitoa miiba ya samaki wa mzee kwa vidole, akapapasa tena kuhakikisha, akawalaza wote wawili ndani ya boksi moja. Mwenye pikipiki akapakia, akaondoka, akarudi, akapakia tena. Saa tisa alasiri kazi ilikuwa imekwisha, na Dada Mkubwa akaketi juu ya ndoo akicheka peke yake kwa raha.

Ndipo jicho lake likatua kwenye boksi lililobaki, lile ambalo mfuniko wake ulichanika ikabidi libadilishwe. Juu yake kulikuwa na maandishi makubwa mazuri: MLALAMISHI WA PILI.

"Redio," aliita taratibu. "Yale mengine yameondoka na maandishi haya haya?"

"Ndiyo. Tena nimeandika kwa herufi kubwa, asije akachanganya."

"Wewe! Umempelekea bwana wa watu boksi lililoandikwa Soksi?"

Redio akajitetea, "Sasa ningeandika nini? Jina lake unalijua wewe?"

Dada Mkubwa hakulijua. Hakulijua la yeyote.

Simu ilianza kulia saa kumi, wakaiangalia tu ikitetemeka juu ya meza. Baadaye ikanyamaza, na kimya hicho kilikuwa kibaya zaidi. Dada Mkubwa alilala akiona magodoro.

Ijumaa asubuhi, alipokuwa anafunga vijiko kwenye gazeti kama mtu anayehama, Redio alikuja mbio akainama kwenye tundu. "Dada, wamekuja."

"Nani?"

"Wote."

Aliweka jicho. Kuanzia mlangoni hadi kwenye duka la ng'ambo kulikuwa na foleni, watu wameachana hatua mbili mbili kama walivyoamriwa, barakoa usoni, na kila mmoja kashika mfuniko wa boksi. Alitamani aingie ndani ya sufuria ajifunike. Lakini Redio ni mdogo wake, na mdogo hatangulizwi mbele ya hasira za watu. Akajipangusa mikono, akapiga moyo konde, akatoka.

Wa kwanza alikuwa yule bwana wa koti. Alimwonyesha Dada Mkubwa mfuniko wake.

"Miaka yote hiyo," alisema, "mlikuwa mnaona?"

"Tulikuwa tunaona, baba. Samahani sana."

"Na ile soksi yenye tundu kwenye kidole gumba?"

"Hata hiyo."

Mabega ya yule bwana yakaanza kutikisika, na Dada Mkubwa akadhani analia mpaka aliposikia kicheko. Mkewe, alisema, alikuwa hajacheka tangu wafungiwe ndani. Jana kausoma ule mfuniko akacheka hadi akalala chini, na sasa hamwiti tena kwa jina lingine. Anaomba na leo waletewe chakula, na jina liandikwe vilevile, mke wake ndivyo anavyotaka.

Mkaguzi hakucheka. Alieleza kinagaubaga kwamba mtu anayeangalia kijiko chake si mkaguzi, ni mtu aliyelelewa vizuri. Dada Mkubwa akakubali kwa kichwa. "Sawa," mama yule akamalizia, "lakini wali wa jana ulikuwa safi. Nimeuangalia kwenye mwanga." Akaagiza wa watu watano.

Halafu akapita mwanaume mfupi aliyefura kwa hasira. "Chakula changu cha jana hakikufika kwa wakati!"

"Boksi lako lilichanika, kaka, tukakubadilishia."

"Na limefika likiwa na alama ya kidole! Na jina gani hili, Mlalamishi wa Pili?" Alipunga mfuniko hewani. "Wa pili! Wa kwanza ni nani? Nataka nimjue. Kuna mtu anayelalamika kuliko mimi?"

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Na katikati ya vicheko hivyo ndipo baba mdogo alipotokea, siku moja kabla ya ahadi yake, muuza magodoro ubavuni na futikamba kiunoni. Alisimama. Aliiangalia foleni kutoka mwanzo hadi mwisho, akahesabu kimoyomoyo midomo ikichezacheza ndani ya barakoa, kisha akarudisha funguo mfukoni. Muuza magodoro akamsogelea Redio, akabakiza hatua mbili kamili, akauliza kwa aibu:

"Na mimi jikoni mmeniita nani?"

"Futikamba," Redio akajibu.

Alifikiri kidogo. "Si mbaya. Nami nipikieni."

Jua lilikuwa limepanda na foleni imekwisha Dada Mkubwa alipomwona mtu wa mwisho. Mke wa mzee wa kona. Alikuwa peke yake, amevaa nguo nyeusi, na mfuniko wake alikuwa ameuosha. Dada Mkubwa akaelewa kabla hajaambiwa. Alikumbuka vidole vyake ndani ya yule samaki, namna alivyopapasa mara mbili.

"Mama," alisema, "sikujua. Wallahi sikujua. Lini?"

"Wiki ya tano hii."

"Na sisi tukakuandikia... Nisamehe, mama yangu."

Yule mama alitikisa kichwa. "Tulizikwa na watu wanne tu makaburini," alisema, kisha akajishtukia. "Unaona? Bado nasema sisi. Alizikwa, nilitaka kusema. Tangu siku hiyo kila karatasi ninayopewa inaniandika mmoja. Hata jirani akinigongea anauliza, mama, uko peke yako? Jana limekuja boksi lako. Nikasoma Wawili wa Kona, nikafungua, nikakuta samaki wake hana mwiba hata mmoja. Nililia, sitakuficha. Lakini nilikula."

"Wote wawili?"

"Wote. Miaka arobaini alikuwa ananidokolea sahani yangu. Jana ilikuwa zamu yangu." Macho yake yalicheka juu ya barakoa huku yamejaa maji. "Na sisi tulikuwa na jina lako, ulijua? Alikupa yeye. Jicho. Akiingia tu ananiambia, kaa vizuri, Jicho anatutazama."

Dada Mkubwa alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo ndani ya barakoa halina raha hata kidogo. Alitaka kumshika mkono, akakumbuka hairuhusiwi, akabaki akikunjakunja pindo la kanga yake.

"Alhamisi ijayo," aliuliza, "nikuandike nani?"

"Vilevile."

Mama akaondoka polepole, akitembea upande mmoja wa njia kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi. Dada Mkubwa alirudi jikoni, akayakunjua yale magazeti, akatundika vijiko mahali pake. Kisha akamwita Redio, akamnyang'anya kalamu, akachukua boksi tupu la Alhamisi ijayo na kuliandika mwenyewe: WAWILI WA KONA.