Salamu za Generosa

Nina wivu, na sijawahi kuuficha. Mwaka ule wa 1952, kijijini kwetu karibu na Kharumwa, hapakuwa na mwanamke aliyemsalimia mume wangu Bujiku bila mimi kumpima kwa macho kuanzia kichwani hadi vidoleni. Bujiku alikuwa ameshapita miaka sitini, kichwa kizima mvi, na meno mawili ya mbele hana. Wenzangu walinicheka kisimani. "Mama Limi, mzee huyo nani atamwiba?" Niliwajibu kwamba anayeuliza hivyo ndiye wa kwanza wa kuchungwa.

Akaja Generosa. Alikuwa mjane wa katekista, amerudi kwa kaka zake baada ya kumzika mumewe huko Usumbwa. Mwanamke mrefu, wa miaka arobaini na tano hivi, nguo zake safi hata wakati wa palizi. Na alijua kusalimia. Wasichana wa siku zile walikuwa wameanza kusalimia juu juu, goti halijagusa ardhi wamekwisha kwenda zao. Generosa alipiga magoti yote mawili kando ya njia akaanza na salamu ya asubuhi ya Kisukuma: mwangaluka. Kisha habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, za mtama, za wagonjwa, halafu anarudi kuuliza ukoo kana kwamba haujui. Mwanamume anayesalimiwa hivyo haondoki. Anasimama palepale, anajibu "mhola", yaani salama, kila anapoulizwa, mpaka mwanamke amalize.

Jumapili moja tulipotoka kanisani nilibaki nyuma kidogo na jirani yangu Euphrasia. Mbele yetu Bujiku amesimama, Generosa amepiga magoti, salamu zimefika kwenye mtama. Nikaona suruali ya mume wangu inacheza. Upepo haukuwepo. Miguu yake yote miwili ilikuwa inatetemeka, mtetemeko mdogo wa harakaharaka, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi.

Roho iliniuma. Tulikuwa na miaka thelathini na minne ya ndoa, na mtu huyu hakuwahi kutetemeka mbele yangu, hata siku alipokuja kwa baba yangu kuniposa. Alisimama imara kama nguzo, akawajibu wajomba zangu mmoja mmoja. Leo anatetemekea mjane wa Usumbwa.

Nilianza kuchunguza. Akisalimiana na Euphrasia, miguu imetulia. Akija nyumbani, imetulia. Akikutana na Generosa, salamu hazifiki kwenye ng'ombe kabla suruali haijaanza kucheza. Niliona hivyo mara nne kwa macho yangu. Nikasema moyoni, ama amelishwa dawa, ama amependa mwenyewe, na sikujua lipi litaniuma zaidi.

Kisha mambo yakaharibika kabisa. Generosa akaacha kupiga magoti. Akikutana na mume wangu anageuka, anafuatana naye, wanasalimiana huku wanatembea, bega kwa bega, mpaka njia panda. Mwanamke mwenye adabu kuliko wote kijijini sasa anamsalimia mwanamume wa watu njiani kama rafiki yake. Hata Euphrasia, ambaye hapendi kusengenya, aliniambia, "Dada, hapo pana mazoea."

Siku hiyo nilifunga nguo zangu kwenye kanga. Niliamua, akikiri, narudi kwa kaka zangu, na sitarudi tena. Mama yangu alinifundisha kwamba mume anapoingia uani anawekewa kigoda kwanza, maneno baadaye, na kwa miaka yote ile sikuwahi kusahau. Jioni ile nilikificha nyuma ya ghala. Nilitaka anijibu akiwa amesimama, kama mtu anayeshtakiwa.

Akaja kutoka machungani. Akaangalia mahali pa kigoda, akaangalia furushi langu.

"Kigoda kiko wapi, Mama Limi?"

"Nijibu kwanza. Una nini na Generosa?"

"Sina kitu. Nipe nikae."

"Utakaa ukishajibu. Mnatembea pamoja mnakwenda wapi?"

Na pale, mbele yangu, uani kwangu, miguu ikaanza. Kwanza nilifurahi, kwa sababu niliona nimemkamata: hatia inamtetemesha. Nikaendelea kumhoji. Mtetemeko ukapanda mapajani, akanyoosha mkono kutafuta ukuta na ukuta ulikuwa mbali. Mwishowe mume wangu, mzee wa watu anayeitwa kuamua kesi za mipaka, aliketi chini kwenye vumbi. Mara tu alipoketi, miguu ikatulia.

"Si Generosa," alisema. "Ni kusimama. Nikitembea sina neno, nikikaa sina neno. Nikisimama mahali pamoja, miguu inanikana. Ni mwaka sasa."

"Kanisani je?"

"Naegemea ukuta. Hukuona nimehama benchi?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa namwangalia Generosa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliolewa na mtu aliyecheza ngoma siku tatu za mashindano bila kupumzika," alisema. "Sikutaka uone."

Nilifungua furushi, nikarudisha kigoda. Wiki iliyofuata tulipanda lori la pamba hadi Shinyanga, kisha tukafika hospitali ya misheni ya Kolandoto. Daktari alikuwa mzee mtaratibu. Alimsimamisha Bujiku katikati ya chumba akahesabu kimya mpaka mtetemeko ulipoanza, akamtembeza, ukakoma. Akamsimamisha tena, akaweka kipimo chake cha kusikilizia kwenye paja, akasikiliza muda mrefu, akanipa na mimi nisikilize. Nilisikia ngoma ikipigwa mbali sana, kwa kasi.

Aliuliza mengi. Anakunywa pombe kiasi gani? Amewahi kushika zebaki alipokuwa kibarua wa dhahabu huko Geita? Alimkagua macho aone kama damu imepungua, akampapasa shingo kutafuta uvimbe, akamtazama mikono iliyolala mapajani, akasema kuna ugonjwa wa wazee unaoanzia mkononi wakati mtu amepumzika. Dawa za miti, hofu, njaa, vyote hivyo alisema vinaweza kutetemesha miguu ya mzee. Kwa Bujiku hakuona hata kimoja.

"Hali hii nimeiona mara mbili tu, na sina jina lake," alisema. "Haitamuua. Asisimame mahali pamoja. Akilazimika, aegemee kitu."

Tukiwa njiani kurudi niliuliza lililokuwa limenikaa kooni. "Generosa ulimwambia?"

"Sikumwambia. Aliona mwenyewe, akiwa amepiga magoti. Siku ya pili akasema, 'Baba Limi, twende tukitembea.' Hakuuliza kitu hata leo."

Nilipaswa kushukuru. Mwanamke mwema angeshukuru. Mimi wivu ulinipanda upya, mkubwa kuliko wa kwanza, na safari hii sikuwa na mtu wa kumlaumu. Kama wangekuwa na mapenzi ningejua pa kuanzia kugombana. Lakini mwanamke yule aliitazama miguu ya mume wangu akaona ugonjwa, na mimi niliitazama miguu ileile nikamwona yeye.

Jumapili tulimkuta mbele ya kanisa. Alipomwona Bujiku akageuka, tayari kufuatana naye, akimwepusha kusimama.

"Generosa," nilisema, "msalimie kama zamani."

Akaniangalia, halafu akamwangalia yeye. Nilisogea karibu na mume wangu, nikachukua mkono wake nikauweka begani kwangu, mbele ya watu wote waliokuwa wanatoka. Kwetu wazee hawashikani hadharani. Nilisikia Euphrasia akikohoa.

Generosa akapiga magoti yote mawili. Mwangaluka. Nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, mtama. Bujiku alijibu mhola, mhola, na uzito wake ukazidi kunilemea begani, na mtetemeko wake ukaniingia mwilini mpaka miguuni. Salamu zilipofika kwenye ukoo bega lilikuwa linaniuma, na nilikuwa naomba asimalize.