Kosa Katika Kitabu cha Kaya

Mama yake alivaa koti la sikukuu, lile jeusi lenye vifungo vya kitambaa, na Peiyu akaona ni dalili njema. Mtu havai koti la sikukuu kwenda kumharibia mwanawe. Ndivyo alivyowaza, maskini, huku akimpangusa mama vumbi la mkaa begani na kumshika mkono hadi kituo cha polisi.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Peiyu alikuwa na cheti cha kuhudumia wazee chenye jina lake, Qiu Peiyu, na kwa cheti hicho alikuwa na miaka ishirini na saba. Pasi yake ya kusafiria ilisema yeye ni Qiu Ruilan, miaka thelathini na mbili. Nyumba moja ya wazee huko Japani ilikuwa imeshamkubali, lakini haikuchukua mtu aliyevuka thelathini. Wakala wa ajira wa mjini alimrudishia karatasi zake akizishika kwa ncha za vidole. "Dada, hapa una watu wawili. Niletee mmoja. Kundi linaondoka baada ya sikukuu ya mwaka mpya."

Na kweli walikuwa wawili. Ruilan alikuwa dada yake, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka minne, kabla Peiyu hajazaliwa. Zama hizo watu wa vijijini waliruhusiwa mtoto wa pili ikiwa wa kwanza ni wa kike, na hapo ndiyo basi, hata kama mmoja amekufa. Baba yao akafikiri akajiona mjanja. Kifo hakukitangaza. Peiyu alipozaliwa, akavishwa jina la marehemu kwenye kitabu cha kaya, kile cha polisi chenye majina ya watu wa kila nyumba, ili ile nafasi ya pili ibaki wazi kwa mtoto wa kiume. Wa kiume hakuja kamwe. Baba akaanza kumwonea binti haya, akamwandikisha shule kwa binamu yake mwalimu, kwa jina la Peiyu na mwaka aliozaliwa kweli, kisha akafa bila kurekebisha kitu. Kuna wanaume wakishajuta kidogo huona wamemaliza kazi.

Baada ya baba kufa, nyumbani hapakuwa na mtu wa kutamka jina la Peiyu. Mama alimwita "wewe". Kijiji kizima kilimwita mama huyo Mama Ruilan, naye aliitika kwa sauti ambayo hakuitumia kwa jambo jingine lolote. Kila mwaka, siku aliyozaliwa Ruilan, alipika uji wa boga aliokuwa akiupenda mtoto yule, akamkalisha Peiyu mbele ya bakuli mpaka liishe. Boga lilimtapisha Peiyu tangu utotoni. Akitapika, aliongezewa jingine.

Kituoni waliandamana na Deshun, baba mdogo, awe shahidi. Afande Tao, mtu mnene asiyeiachia chupa yake ya chai, aliyasoma maombi ya kusahihisha kitabu cha kaya na kuangua kicheko.

"Kumbe mzee wenu alikuwa mtundu! Haya, huyo mkubwa kaburi lake liko wapi?"

Deshun akajikuna kisogo. "Afande, nawe ni mwenyeji, unajua. Mtoto mdogo hawekewi kaburi. Nilipewa mimi nimbebe alfajiri, nikamfukia mlimani. Nikaambiwa nirudi kwa njia nyingine, nisiangalie nyuma, asije akanifuata nyumbani. Sikuangalia."

"Mlimani upande gani?"

"Mlimani tu, afande. Hata ukinichinja sitaweza kukuonyesha."

"Na cheti cha hospitali?"

"Hospitali ipi? Tulikuwa na mganga mwenye baiskeli."

Afande akapuliza chai yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu, na wavivu wamewahi kuokoa watu wengi maofisini.

"Sikilizeni. Bila kaburi wala cheti siandiki kifo. Ila ipo njia ya mkato. Mama anakiri kwamba jina na mwaka viliandikwa kimakosa. Mtoto ni mmoja tangu mwanzo, naye ni Peiyu. Mama anaweka dole gumba hapa, mimi nagonga muhuri, binti anakwenda zake Japani kuogesha vikongwe. Tumemalizana."

"Ndiyo, afande! Ahsante, afande!" Peiyu alikuwa tayari amesimama.

"Na Ruilan?" mama akauliza.

"Ruilan yupi tena? Anafutwa. Ni kosa la mwandishi."

"Hutaandika kwamba alizaliwa?"

"Mama yangu, nitaandikaje kuzaliwa kwa kosa?" Afande akajichekea peke yake.

Mama aliitazama karatasi muda mrefu. Peiyu akamsogezea kidau cha wino. Alikuwa na haraka, na kwa haraka hiyo yakamtoka maneno ambayo angeyameza siku nyingine.

"Weka dole, mama. Ameshakufa. Hata mfupa hana. Mwache aende zake, nami niishi."

Mama akainua macho akamtazama usoni, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa nyumbani kupita kiasi.

"Afande," akasema, "mimi nilizaa mara moja. Ruilan ndiye huyu hapa. Hilo la Peiyu ni jina la shule, baba yake alipenda kujitungia mambo. Kama unatafuta kosa, kosa ni hilo."

"Shemeji!" Deshun akaruka. "Si mimi niliyembeba kwa mikono yangu?"

"Ulibeba nini? Mwonyeshe afande kaburi."

Deshun akarudi nyuma, akatazama viatu vyake.

Peiyu alipiga magoti pale pale sakafuni. Alilia, aliomba, alishika pindo la lile koti la sikukuu. Afande akakohoa kwa aibu, akasema neno la mzazi ndilo linalotangulia, akaandika upya: Ruilan, miaka thelathini na mbili, jina la Peiyu lisitumike tena. Mama akaweka dole gumba, akalikandamiza vizuri, kisha akalifuta wino kwa mate.

Nje, Deshun aliaga bila kumwangalia mtu. Mama alipita sokoni, akagonga maboga kwa kiungo cha kidole moja baada ya jingine, akachagua kubwa.

"Mama Ruilan! Leo umependeza!" muuza mboga akamwita.

"Nimetoka na binti yangu," mama akajibu, na uso wake uling'aa.

Peiyu alisubiri mpaka wawe peke yao njiani. Sauti ilimtoka kavu.

"Siku ukifa, mama, mwite Ruilan aje akuzike."

"Nitamwita," mama akasema. "Naye atakuja. Hana pa kwenda." Akamtupia lile boga kifuani. "Ruilan, shika. Mimi mikono inaniuma."

Peiyu akalishika. Jioni ile alikula mabakuli mawili ya uji wa boga na hakutapika.