Ngozi Tupu ya Jani

Siku ya mtihani wa wifi yangu niliamka na kiherehere kuliko yeye. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye ile maabara, mimi ndiye msimamizi wake, na shahada yake ilisubiri jambo moja tu: mtahini aone kwa macho yake stomata zikifunguka, vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia. Akifeli, hakuna kurudia.

Wifi ana mikono mizito. Akibandua ngozi ya jani huondoka na manyama ya kijani yaliyong'ang'ania chini yake, utadhani anamenya viazi kwa panga. Nimemtania kwa hilo tangu aanze. Basi asubuhi hiyo, kabla mtahini hajafika, nikachukua kibano na brashi, nikamsafishia vipande vyake vyote. Vikabaki ngozi tupu, vinaelea kwenye kisahani cha maji.

"Yaani wifi, umeniokoa," akaniambia.

Mtahini, mama mkavu asiyecheka ovyo, akaketi kwenye hadubini. Tukawasha taa, tukasubiri. Akatazama, akarekebisha lenzi, akatazama tena.

"Vimefunga," alisema.

Haiwezekani! Siku zote vilifunguka mbele yangu, taa ileile, maji yaleyale. Nilimsogeza mtahini bila hata samahani, nikachungulia mwenyewe. Vyote vimebana midomo. Wifi alishika ukingo wa meza, machozi yanamlengalenga.

"Leo mmebadilisha nini?" mtahini akauliza.

"Hakuna!" nilijibu mimi, tena kwa ukali. Kisha macho yangu yakatua kwenye pipa la taka, kwenye yale manyama ya kijani niliyoyakwangua.

Wifi naye aliyaona. Akachuna jani jipya, akaweka nyama yake kwenye kisahani, akalaza juu yake mojawapo ya zile ngozi nilizozisafisha. Akawasha taa. Tulisubiri mpaka chai ya mtahini ikapoa. Safari hii vitundu vilifunguka, vikawa wazi kabisa.

"Kumbe si mwanga peke yake," mtahini alisema taratibu. "Nyama ndiyo inayotumia hewa ya kaboni na kupika sukari, na vitundu vinafuata hali ya huko jikoni. Lakini tasnifu yako, binti, inasema nyama haihusiki kabisa."

"Mwanzoni niliandika kwamba inahusika," wifi alisema. "Nikaambiwa nifute."

Nilijifanya napanga visahani mezani.

"Kama kosa ni lako, nakufelisha," mtahini alisema. "Nani alikwambia ufute?"

Nilimkazia macho wifi, nikimsihi kimoyomoyo aseme hakumbuki. Alinitazama, kisha akamgeukia mtahini.

"Msimamizi wangu," alisema.

Tangu niolewe na kaka yake, hajawahi kuniita kitu kingine ila wifi.