Mbwa wa Mboni

Tangu Mboni azikwe, mbwa wake alikuwa hampi mzee Kitwana nafasi ya kupumua. Mzee akienda chooni, mbwa yuko nje ya kiambaza cha makuti, anamngoja. Akiingia jikoni kupuliza moto, mbwa yumo. Akitoka kumwaga maji machafu, hatua kumi za kwenda na kumi za kurudi, mbwa anainuka naye, anakwenda naye, anarudi naye, kama askari aliyekabidhiwa mfungwa.

Aliitwa Watasema. Mboni ndiye aliyempa jina hilo, mwaka ule alipomleta angali mdogo ndani ya kapu, aje afukuze ngedere na nguruwe pori kwenye mihogo. Majirani pale kijijini Masaki walinong'ona: nyumba ya watu wa swala, mbwa wa nini? "Watasema, watachoka," alijibu Mboni, na jina likaganda hapo hapo. Kitwana aliweka sharti moja tu: mbwa ni wa nje, kizingiti asikivuke.

Sasa kizingiti kilikuwa si kitu. Mchana mzee akijilaza kwenye mkeka, Watasema alinyemelea mpaka ubavuni, akamsukumia pua yake mbichi kwenye kiganja, akanusa, kisha akarudi kukaa mlangoni. Mzee aliruka kwa matusi. Alikwenda uani akaosha mkono mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyofundishwa chuoni angali mtoto, na kila kata ya maji aliyomimina aliisindikiza kwa laana, maana maji yenyewe yalitoka kisima cha mbali. Bomba waliloahidiwa na wakubwa lilikuwa limeishia kwenye mtaro, na mtaro umeota majani.

Wakubwa. Neno hilo halikumkauka mdomoni. Barabara mbovu, wakubwa. Bei ya korosho, wakubwa. Na kubwa kuliko yote, kifo cha Mboni. Alimpakia mkewe kwenye pikipiki, akafika zahanati, akakuta mlango una kufuli. Mhudumu yuko semina. "Wamemuua mke wangu hawa," aliwaambia watu msibani, akawaambia msikitini, akaenda kuwaambia mpaka ofisini kwa mtendaji. Ikafika mahali mtendaji akimwona kwa mbali, anaweka simu sikioni.

Siku ya arobaini Zena, binti yake wa pekee, alikuja kutoka Sofu, Kibaha, alikoolewa na Ashrafu. Dua ilipokwisha na sufuria zimeoshwa, alikaa karibu na baba yake.

"Baba, hapa hukai tena peke yako. Ashrafu amekutengea chumba. Jumamosi nakuja na kirikuu tuchukue vitu."

"Na huyu?" Mzee alionyesha kwa kidevu. Watasema alikuwa amelala, jicho moja wazi.

"Baba jamani. Baba yake Ashrafu anafundisha madrasa, anakuja kwetu kila wiki kutoka Misugusugu. Nimwambie nini? Mwachie Badru."

Kitwana hakubisha. Moyoni aliona afadhali. Mbwa gani huyu anayemwangalia mtu usiku na mchana kama anayemdai jibu?

Alhamisi Badru, jirani yake mchoma mkaa, alikuja na dagaa kwenye kipande cha gazeti ili amzoeze mbwa. Watasema alinusa dagaa, akageuza kichwa, akasogea kukaa nyuma ya kisigino cha mzee.

"Aa, mzee Kitwana!" Badru alicheka. "Huyu si mbwa, huyu ni bibi harusi. Hakubali kutoka ndani."

"Mchukue na maneno yako."

"Nitamchukua. Lakini hebu niambie, alikuwa hivi zamani?"

"Zamani alikuwa wa Mboni. Mimi hata sikujua anashinda wapi. Tangu msiba ndiyo ameniganda."

Badru aliacha kucheka. "Babu yangu alikuwa akisema, mbwa akimganda mtu mpaka ndani ya nyumba..."

"Malizia."

"Basi tu. Maneno ya wazee."

"Malizia, bwana!"

"Kwamba ameshanusa kitu. Kwamba mwenye nyumba hana siku nyingi." Badru akakunja gazeti lake upesi. "Mimi siamini. Nimetania tu."

Lakini utani ule ulimkaa mzee kifuani. Alilala akiusikiliza moyo wake mwenyewe, na kila alipogeuka, kule mlangoni mbwa naye aligeuka.

Ijumaa asubuhi chanjo ya kichaa cha mbwa ilifika kitongojini. Bwana mifugo mwenyewe alikuwa mwanamke, msichana aitwaye Firdausi, na meza yake ameiweka mbele ya ghala la korosho. Badru alikuwa ameshasema hachukui mbwa asiye na cheti, kwa hiyo Kitwana alikwenda. Hakuhitaji kumvuta. Mbwa alimfuata mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbwa mnawaletea sindano mpaka mlangoni. Watu je?"

Firdausi hakukasirika. Alimtazama mbwa, kisha mzee. "Huyu si Watasema wa mama Zena? Nilisikia, baba. Poleni sana. Mwaka jana yeye ndiye aliyemleta, tukaongea mpaka nikasahau foleni."

Alichoma sindano. Mbwa alistahimili bila kumwondolea mzee macho. Alipokuwa anaandika cheti, Kitwana alijikuta ameinama mezani, sauti ameishusha.

"Binti, wewe umesomea hawa. Mbwa anamfuata mtu ndani ya nyumba kwa nini? Chumba kwa chumba. Watu wanasema ananusa kifo."

"Wanafuata kwa mengi, baba. Mwingine njaa: amezoea kwamba mkono huu ndio unaotoa ukoko. Mwingine ni woga, mwenzake alitoka siku moja hakurudi, sasa huyu aliyebaki hataki kumpoteza machoni. Na mwingine ana kazi." Aliweka kalamu chini. "Huyu anakugusa mkono?"

Mzee alishtuka. "Kiganjani. Nikilala. Ananusa halafu anaondoka."

"Basi anakupima."

"Ananipima nini?"

"Mama hakukwambia?" Firdausi alisita, akaona ameshafika katikati. "Sukari yake ilikuwa ikishuka, anatoka jasho la baridi mikononi kabla mwenyewe hajajitambua. Mbwa akalijua lile jasho. Anamfuata jikoni, chumbani, kila mahali, anamnusa kiganja. Akilikuta, anabweka na kumvuta nguo mpaka anywe chai ya sukari. Alinicheka sana nilipomwambia huko kwa wenzetu mbwa wanafundishwa miezi. Akasema, 'Huyu nimemfundisha kwa kuumwa kwangu tu. Ila mume wangu asijue, atasema nyumba nimeinajisi.' Wewe huumwi, baba. Yeye hajui hilo. Anaona mwingine aliponyoka mikononi mwake, amebaki na wewe."

Kitwana alichukua cheti. Hakusema asante. Wala hakusema lolote juu ya wakubwa.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa uani, mbwa miguuni, akauangalia mkorosho ulioko pembeni ya banda. Kwenye shina kulikuwa na ukanda uliochubuka, gamba limeondoka pande zote, mahali kamba ilipovutwa na kuvutwa. Siku arobaini na mbili zilipita akipishana na mkorosho ule, na siku zote hizo alikuwa hautazami.

Jumamosi kirikuu kiliingia uani saa nne. Zena aliteremka na mifuko mitupu ya kufungia nguo. Badru naye alishafika, mkononi ana kamba.

"Badru," alisema Kitwana, "rudi na kamba yako."

"Mzee, si tumekubaliana?"

"Rudi nayo. Mkaa wako utalindwa na mwingine."

Badru alimwangalia Zena, akainua mabega, akaenda zake. Dereva alikuwa amejilaza kwenye usukani, anachezea simu. Zena aliweka mifuko chini.

"Baba, tuliongea. Baba yake Ashrafu hawezi kuja nyumba yenye..."

"Kaa, Zena. Mama yako hakufia zahanati."

Zena alikaa.

"Siku ile wakwe zako walikuwa waje. Mama yako tangu alfajiri yuko jikoni, pilau, kuku, vitumbua, yeye mwenyewe hajatia kitu mdomoni ila vidonge vyake vya sukari. Mimi nilikuwa nafagia uwanja. Mbwa nilimfunga pale kwenye mkorosho. Akaanza kubweka. Nikasema anabwekea harufu ya kuku. Akabweka mpaka sauti ikakauka, anajirusha, kamba inamkaba, anajirusha tena. Nikamfuata nikampiga kwa ufagio, nikamwambia, nyamaza, utanitia aibu." Alionyesha mlango wa jikoni. "Toka hapa mpaka jikoni ni hatua ishirini. Sikwenda. Nilipoingia, mikono yake ilikuwa baridi. Nilimpakia kwenye pikipiki najua keshakufa. Nilipokuta lile kufuli, mwanangu, wallahi nilishukuru. Nilishukuru kwamba limefungwa."

Kuku alipita kati yao, akadonoa, akapita. Zena alikuwa ameushika mfuko mmoja kwa mikono miwili, anaukunja na kuukunjua.

"Nani alikwambia umfunge?" aliuliza.

"Si muhimu."

"Baba. Nani alikupigia simu?"

Mzee aligeukia mkorosho.

"Nilipiga mara mbili," alisema Zena. "Ya kwanza mama ndiye aliyepokea. Akasema, 'Mwanangu, mwache tu mbwa, ananisaidia.' Nikadhani kazi za nyumba, nikamcheka: mbwa anasaidia kupika? Nikakata, nikapiga ya kwako." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Ukiwasema wakubwa, na mimi naitikia. Nyumbani kwangu nawasema kuliko wewe. Nilikuwa naogopa siku utakaponyamaza, utaikumbuka ile simu."

Mzee aliweka mkono begani kwa bintiye, na Watasema akainuka, akaja kusimama karibu nao, akimtazama mmoja kisha mwingine, kama hajui aanze na yupi.

Zena ndiye aliyesimama kwanza. Alitoa simu.

"Ashrafu, tunatoka huku muda si mrefu. Tunakuja watatu... Ndiyo, watatu. Mimi, baba na mbwa wa mama... Hapana, hataachwa nje ya geti, ataingia uani, na mlangoni kwa baba atalala. Mwambie baba yako leo hii, asije akakuta ghafla. Akitaka kuniuliza kwa nini, aje aniulize mimi, nitamweleza siku ile aliyokuwa aje kula ilivyokuwa."

Zena hakukata, wala hakulainisha neno. Alisimama katikati ya uwanja, simu sikioni, akingoja mumewe aseme, na mzee Kitwana akaingia ndani kukunja godoro, mbwa nyuma yake.